Trekta Lenye Shingo

Jumamosi, mwishoni mwa Februari, 1998

Jua limewaka tangu asubuhi kama limetoka kifungoni. Maji yamepungua lakini hayajaondoka. Barabara ya Garsen bado imezama mahali pengi, na mbu wamenenepa kuliko ng'ombe. Mimi nina furaha na nina shaka, vyote viwili katika kifua kimoja, na sijui ni kipi kilichonifanya niunguze ugali wa mchana.

Nianze na furaha, kwa sababu ndiyo kubwa.

Nimeolewa na Buya. Bado naiandika sentensi hiyo nikitabasamu peke yangu, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani na hakuna aliyekuja kukidai. Tulifunga ndoa Januari, kanisa likiwa na maji hadi vifundoni. Gauni langu lilifika madhabahuni likiwa na ukingo wa matope kuzunguka pindo lote. Nilikaribia kulia. Buya aliinama akaninong'oneza kwamba bila ukingo ule gauni lingeonekana halijaisha kushonwa. Mwanamume anayeweza kusema hivyo mbele ya mchungaji, utaacha kumpenda vipi?

Akiniita "mke wangu" mbele ya watu hulitamka neno polepole, kama analionja. Ana mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito na mikono inayojua kushika kikombe bila kelele. Asubuhi huenda kuchota maji mwenyewe, na wanawake wa huku Idsowe humcheka, na yeye huwasalimia mmoja mmoja kwa majina ya mama zao.

Basi shaka inatoka wapi?

Inatoka baharini.

Buya aliondoka hapa baada ya shule akaenda kutafuta kibarua bandarini Mombasa. Baadaye akapata nafasi ya ubaharia kwenye meli ya mizigo ya kigeni, akafanya safari moja ndefu hadi Uchina na kurudi. Alirudi kwetu kabla ya gharika hii ya mto, akiwa na chupa ya chai yenye maua mekundu na blanketi lenye chui. Kila aliyemuuliza meli yao ilibeba nini alipata jibu moja. Matrekta.

Mimi napenda kuuliza, yeye anapenda kusimulia. Shuleni somo langu lilikuwa Jiografia. Nilikuwa nikiangalia ramani kama wenzangu walivyoangalia picha za waimbaji. Kwa hiyo tangu tuoane, jioni zetu zimekuwa za bahari. Mimi napepeta mchele, yeye anatengeneza nyavu, na ananieleza jinsi wanavyosafirisha hayo matrekta.

Aliniambia kila moja lina uzito wa tani arobaini, na kwamba kreni za bandari nyingi haziwezi hata kulinyanyua, kwa hiyo meli hushusha mlango wake wa nyuma kama ulimi, na matrekta hupanda yenyewe yakinguruma. Aliniambia wanatandika mbao chini kwanza, kwa sababu chuma juu ya chuma huteleza kama sabuni kwenye sahani. Wanamwaga karibu mafuta yote. Wanatoa waya za betri. Kisha wanafunga minyororo mbele na nyuma, inayokatizana, na kila baada ya muda wanashuka kuikaza tena, kwa kuwa meli hujipinda baharini na mnyororo uliokazwa asubuhi huwa umelegea ikifika adhuhuri.

Jambo lililonistaajabisha zaidi ni hili. Mimi nilidhani mzigo mzito ukiwekwa chini kabisa tumboni mwa meli ndiyo usalama. Buya alitikisa kichwa. Ukiweka uzito wote chini, alisema, meli inakuwa ngumu. Wimbi likiilaza, haisimami taratibu kama mama aliyebeba mtoto. Inarudi kwa hasira, inachapa, na kila kilichofungwa kinang'olewa. Ilibidi wapange mzigo mwingine juu ili meli ipate upole. Nikamwangalia mume wangu anavyoonyesha kwa viganja jinsi meli inavyolala na kuinuka, nikajiona mke wa profesa.

Halafu wiki iliyopita akasema, huku akiwa amebana uzi wa wavu kwa meno:

"Na usisahau kufunga shingo. Ukisahau shingo ikazunguka, inavunja mtu mbavu."

Nikacheka, nikaendelea kupepeta. Ungo ulipanda na kushuka mara kadhaa kabla akili yangu haijafika.

Trekta halina shingo.

Nalijua trekta. Lile la mradi wa mpunga nimeliona tangu utotoni. Lina magurudumu, usukani, moshi, na dereva anayejiona waziri. Hakuna la tani arobaini. Na hakuna mahali pake panapozunguka na kuvunja mbavu.

Nilipomuuliza, "Shingo gani?" alijibu, "Bomba la moshi." Kisha akatoka nje kuangalia kuku, ambao walikuwa wamelala.

Nakiri jambo moja hapa kwa sababu hakuna anayesoma isipokuwa mimi. Sikuwaza silaha. Niliwaza mwanamke. Mtu akidanganya juu ya jambo dogo, moyo wa mke mpya hauendi kwenye ramani ya dunia, unaenda Mombasa, kwenye chumba chenye pazia, na humo umekaa mwanamke mnene mwenye hina. Nilimpa hata jina.

Siku ya soko la mifugo nilivuka kwenda Garsen kununua sabuni. Ukweli ni kwamba sabuni ilikuwepo nyumbani. Nilikwenda kwenye lile duka lenye simu, karibu na stendi ya mabasi, kwa sababu Buya amekuwa akienda huko kila soko na kurudi bila kununua kitu. Mwenye duka ni Msomali mtaratibu, hana haraka na mtu.

"Wewe bibi ya Buya?" akaniuliza kabla sijasema lolote. "Mwambie simu yake nalia sana. Mtu ya Mombasa nauliza kama amekubali."

"Amekubali nini?"

"Hajasema."

"Ni mtu mwanamume au mwanamke?"

Akaniangalia, akaendelea kupima sukari. "Mama, mimi nauza sukari. Simu haiko na ndevu."

Watu wawili waliokuwa wakinunua majani ya chai walicheka. Mimi nilicheka pia, maana ungefanya nini. Lakini nilirudi kwenye mtumbwi nikiwa nimeibana sabuni kifuani kama mtoto aliyesingiziwa kuiiba.

Amekubali nini? Kurudi kwake? Kumwoa? Siku zote zilizofuata nilimpikia Buya vizuri kuliko kawaida na kumwangalia anavyokula, nikitafuta mwanamke mwingine katika namna anavyochovya tonge. Nilinusa shati lake. Lilinuka samaki na yeye. Hata shaka yangu imejaa mapenzi, ni aibu.

Sasa nifike leo.

Mashine ya kusaga ya akina mama wa kanisa iliharibika wakati wa gharika, ikapelekwa kwa fundi Garsen. Imepona. Lakini barabara imekatika, kwa hiyo injini yake ilibidi ije kwa maji. Huku kwetu hilo si jambo geni. Unaunganisha mitumbwi miwili kwa miti, unaweka mzigo katikati, wapiga kasia wanaenda mbele na nyuma, basi. Mama mkwe wangu ndiye mweka hazina wa kikundi, kwa hiyo alikuwa pale ukingoni upande wa Garsen, akisimamia kila mtu hata mto wenyewe. Shemeji yangu Jilo, kaka mkubwa wa Buya, ndiye mwenye mitumbwi. Pembeni alisimama Mzee Godana, Muorma anayefanya biashara ya ng'ombe, akisubiri mitumbwi hiyo hiyo imvushe yeye na vijana wake. Ni rafiki wa nyumba. Maziwa tunayokunywa ni ya kwake.

Injini ikapakiwa. Buya akachukua minyororo ya fundi na kamba, akaanza kufunga.

Nilikuwa sijamwona akifanya kazi ile. Jamani, ilikuwa kama kuangalia mtu anaandika. Akasukuma mbao chini ya injini, akapitisha mnyororo kulia kwenda kushoto, akaurudisha, akakaza kwa nondo, akapiga kwa kiganja kusikiliza sauti yake. Nilivimba kwa fahari. Kisha nikaona hakuna mwingine anayevimba.

"Buya," Jilo akasema, "umelewa au umesahau kwenu?"

"Nini?"

"Mzigo wa mtumbwi haufungwi. Kiboko akitupindua, mzigo unaenda chini, mtumbwi unabaki juu, sisi tunaushika. Sasa wewe unatufunga na chuma. Unataka tuzame pamoja kama familia?"

Watu wakacheka. Kila mtoto wa mto huu anajua hilo kabla ya kujua kuhesabu: mtumbwi ni uhai, mzigo ni mzigo.

"Ukiuacha wazi utatembea," Buya alisema. Hakucheka.

"Mashine ina miguu?"

"Nimesema utatembea, Jilo. Ukishatembea huushiki tena. Nimeona tani arobaini zikitembea."

Sauti yake ilipanda mwishoni. Na kicheko kikafa, si kwa kile alichosema bali kwa uso wake. Mume wangu alikuwa anaiangalia ile injini ndogo ya kusaga mahindi kana kwamba ni mnyama anayejifanya amelala.

Mzee Godana alikuwa anasugua meno kwa mswaki. Akautoa kinywani.

"Tani arobaini?" akasema taratibu. "Hiyo trekta nalima nini? Mawe?"

Hapo ndipo nilipojua. Tani arobaini. Kumbe hajawahi hata mara moja kutaja gurudumu. Shingo inayozunguka na kuvunja mbavu. Yote yalikuja pamoja, nikiwa nimesimama na miguu majini.

Na nikajua jingine pia, kwa sababu nimezaliwa hapa. Neno silaha likitajwa na sisi wakulima wa Kipokomo ukingoni mwa mto huu mbele ya mfugaji, hata mfugaji mwema, jioni litakuwa limefika malishoni. Kesho kutwa litakuwa na watoto. Mpokomo wa Idsowe analeta silaha kwa meli. Halafu wao watafute za kwao. Halafu sisi tusikie kwamba wametafuta. Si lazima mtu yeyote awe mbaya.

Nikafungua mdomo wangu mimi mwenyewe, bibi harusi mwenye shaka, nikadanganya kwa ajili yake.

"Wanalima milima, Mzee Godana," nikasema. "Uchina hakuna tambarare kama kwetu, ni milima mitupu. Trekta jepesi linabingirika. Tulisoma hayo kwenye Jiografia."

Mwalimu wangu wa Jiografia na anisamehe.

Mzee Godana akaniangalia muda, kisha akamwangalia Buya. "Basi wewe umesoma," akaniambia, akarudisha mswaki kinywani. Sijui kama aliamini. Alikuwa na heshima ya kutosha kunyamaza, na heshima kama hiyo inanipa wasiwasi kuliko maswali.

Mama mkwe akasema, "Fungua mnyororo, Buya. Mto huu ni wa kwetu."

Akafungua. Polepole, pingili kwa pingili. Kisha akapanda akaketi katikati na kuikumbatia injini kwa mikono yote miwili kama mtu anayemzuia mbuzi, na hivyo ndivyo tulivyovuka. Mimi nilikuwa nyuma yake. Mikono yake haikuilegeza hadi ng'ambo. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

Akina mama walipiga vigelegele tulipofika. Mashine iko salama, kesho kutwa tutasaga.

Baadaye nilimfuata shambani, kwenye migomba iliyolazwa na gharika. Nilimuuliza moja kwa moja.

"Vilikuwa vifaru vya vita?"

Akakaa chini juu ya mgomba ulioanguka. "Vilikuwa vifaru."

Aliniambia karatasi za meli ziliandikwa matrekta na vipuri, na kwamba waliambiwa atakayesema vingine hatapata meli tena maisha yake. Vilikuwa vipya. Si vile vya mviringo tunavyoviona kwenye picha za vita vya zamani. Kichwa, chenye ile shingo ya mzinga, kilikuwa cha pembepembe kama sanduku, rangi bado inanuka, na vioo vya kuonea gizani vimefunikwa turubai ambalo hakuna baharia aliyeruhusiwa kuligusa. Wachina wamejua kuunda, alisema. Lakini bahari haiulizi chuma ni cha kisasa au cha kale. Barani, kifaru kinaogopwa na kila mtu. Melini ni mzigo tu, mzigo mbaya kuliko yote, kwa sababu hakijui kuwa kimepakiwa.

Katikati ya bahari walikutana na mawimbi yasiyoisha. Meli ikaanza kuchapa. Mnyororo mmoja wa kifaru cha upande ukakatika, kisha wa pili, na kikaanza kutembea kule chini. Kutoka juu walikisikia. Kinaenda, kimya kidogo, kinarudi, na meli nzima inalia. Mwenzake wa Tanga, aliyekuwa akilala kitanda cha juu yake, alishuka na gogo la mbao ili akitie kigingi. Hakupanda tena. Walimfunga kwa turubai wakamzika baharini, nahodha akasoma maneno kwa lugha ambayo marehemu hakuijua.

Vifaru vingine vyote vilifika salama. Walivishusha kwenye bandari ambayo mabaharia hawakuruhusiwa kukanyaga.

"Vilikuwa vya nani?" nikauliza.

"Sijui."

"Hukuuliza?"

"Aliyeuliza aliachwa nyumbani."

Na simu? Simu ni ya wakala wa Mombasa. Kuna shehena nyingine inaondoka Uchina, vya aina ile ile, na wanamtaka kwa sababu sasa ana uzoefu. Ndilo neno walilotumia, uzoefu. Mshahara ni mkubwa kuliko mwanzo. Hajakubali, alisema, lakini hajakataa pia. Ndiyo maana kila soko anakwenda kusimama kwenye lile duka na kurudi mikono mitupu.

Sasa niandike jambo ambalo sitamwambia mtu.

Nilifurahi.

Aliposema vifaru, kabla hata sijafikiria habari ya yule mtu wa Tanga, kifua changu kilifunguka nikavuta pumzi, kwa sababu haikuwa mwanamke. Nilikaribia kucheka. Nimeketi na mume wangu ananieleza jinsi mtu alivyosagwa, na mimi ndani yangu napiga vigelegele. Mungu ananijua. Ilinichukua muda mrefu, nikiondoa majani makavu kwenye mgomba mmoja ambao tayari ulikuwa hauna majani makavu, hadi nikafika kwenye wazo lililostahili kuja kwanza: kwamba mahali fulani vile vifaru viliposhuka kuna msichana kama mimi, naye labda ana mume wa mwezi wa pili. Na kwamba gauni langu, lile lenye ukingo wa matope, lilitokana na kazi ile. Mimi nililivaa nikizunguka mbele ya kioo.

Jioni hii Buya amekaa nje, anaendelea na wavu wake. Namwona kupitia mlango. Bado ni mzuri. Nilidhani baada ya kujua ningemwona tofauti, na nimejaribu, na siwezi.

Lakini shaka haijaondoka. Imebadilisha kiti tu. Nikiwa nawasha moto nilimuuliza kama atakataa ile safari. Alijibu, "Nitakataa," kabla sijamaliza swali. Mtu anayekataa kweli hujikuna kwanza. Huuliza tutakula nini, maana mpunga wote umeoza na hadi mavuno mengine ni mbali. Yeye hakuuliza, kwa hiyo labda hesabu hiyo ameshaipiga peke yake, na mimi sijui imejibu nini.

Inawezekana ananilinda nisihuzunike. Inawezekana anangoja maji yapungue, mabasi yarudi. Vyote vinaingia katika uso ule ule mtaratibu ninaoupenda.

Kesho ni Jumapili, na lile duka halifungwi Jumapili. Tukitoka kanisani sitarudi kupika. Nimeshamwambia shemeji Jilo atuwekee mtumbwi. Nitavuka na mume wangu hadi Garsen, nitasimama pale karibu na mizani ya sukari, na hatainua ile simu mpaka bega langu liwe limegusa lake. Nataka kulisikia neno "hapana" likitoka kinywani mwake, lote, hadi mwisho. Nikishalisikia, nitajua jinsi ya kupika bila mpunga.

Na nikisikia jingine, nitakuwa nimesimama pale pale.